Kikundi chenu kinataka tovuti? Jibuni maswali haya kabla ya kumlipa fundi

Kikundi kimeuza asali, wanachama wamegawana, na kwenye akaunti imebaki akiba. Kikaoni mjumbe mmoja anasimama na kusema wakati umefika wa kuwa na tovuti, ili wateja wa mjini watuone. Watu wanapiga makofi, anatajwa kijana anayejua kompyuta, na kabla ya wiki kuisha ameshalipwa nusu ya fedha. Miezi mitatu baadaye tovuti ipo. Ina picha za nyuki zilizochukuliwa mtandaoni na namba ya simu ya mwenyekiti aliyekwisha maliza muda wake. Hakuna mteja anayepiga.

Mara nyingi tatizo la namna hii halianzii kwenye kompyuta. Fundi nguo hakati kitambaa kabla ya kuchukua vipimo, lakini tovuti nyingi hushonwa kabla mwenyewe hajapimwa. Katika makala hii tunaeleza vipimo hivyo, yaani maswali ambayo fundi anapaswa kuyauliza, na kikundi kuyajibu, kabla fedha hazijatoka. Tunatumia mfano wa kufikirika wa kikundi cha wafuga nyuki mkoani Tabora, lakini maswali ni yaleyale kwa AMCOS, shule au duka la pembejeo.

Tovuti ifanye kazi gani?

"Tunataka kujulikana" ni jibu ambalo fundi hawezi kulifanyia kazi. Mjulikane na nani, na akishawajua afanye nini?

Mnunuzi wa jumla kutoka Dar es Salaam atataka kujua kuna kilo ngapi, asali imerinwa lini, imewekwa kwenye ndoo za aina gani, na unyevu wake ni kiasi gani, maana kiwango cha kimataifa kwa asali nyingi ni unyevu usiozidi asilimia 20. Mnunuzi wa chupa moja anataka bei na namna itakavyomfikia. Mfadhili anataka kuona usajili, uongozi na idadi ya wanachama. Tovuti moja inaweza kuwahudumia wote watatu, lakini kinachoonekana mwanzo kabisa lazima kimlenge mmoja wao. Kikao ndicho kiamue ni nani, fundi asiachiwe kubahatisha.

Njia nyepesi ya kupata jibu ni katibu kufungua simu yake na kuangalia wateja kumi wa mwisho waliuliza nini. Kama wote ni wa wilayani na wanapiga simu moja kwa moja, huenda tovuti ikasubiri. WhatsApp ya biashara yenye picha na bei itatosha kwa sasa, na kuifungua ni bure. Fundi mwaminifu atawaambia hivyo hata kama anaikosa kazi.

Itafunguliwa kwa simu ipi?

Fundi hufanya kazi kwenye kompyuta yenye kioo kikubwa na intaneti ya kasi. Mteja wenu huenda yuko kwenye basi, ana simu ndogo na bando la siku. Picha moja iliyopigwa kwa simu janja inaweza kuwa na MB 3 au zaidi. Ukurasa wenye picha kumi za namna hiyo unakula MB 30 kabla mtu hajaiona bei. Picha hizohizo zikipunguzwa na fundi, zote kumi zinaweza kubaki chini ya MB 3 na bado zikaonekana vizuri.

Kwa hiyo semeni mapema kwamba tovuti ifunguke kwenye simu ya kawaida hata mtandao ukiwa hafifu, na kwamba mtaijaribu wenyewe kijijini kabla ya malipo ya mwisho. Semeni pia kama itakuwa kwa Kiswahili, Kiingereza au vyote viwili, kwa sababu lugha ya pili ni kazi ya ziada na ina gharama yake.

Nani atatoa maneno na picha?

Hapa ndipo kazi nyingi hukwama. Fundi anasubiri maelezo, kikundi kinasubiri tovuti, na kila upande unamlaumu mwenzake. Chagueni mtu mmoja wa kukusanya historia fupi ya kikundi, bei, na picha za mizinga yenu wenyewe, na mpangieni tarehe. Huyo pia ndiye apokee maswali ya fundi. Wajumbe watano wakimwagiza fundi mambo matano tofauti, kazi haitaisha.

Wanachama watakaoonekana kwenye picha, au ambao namba zao zitawekwa, waulizwe kwanza na wakubali. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na picha au namba ya mtu si mali ya kikundi.

Kisha ulizeni nani atabadilisha bei msimu ukigeuka. Akiwa ni mwanachama, fundi amfundishe, na mafunzo hayo yahesabiwe kama sehemu ya kazi.

Jina na funguo ni za nani?

Kila tovuti ina anwani yake, inayoitwa jina la kikoa. Kwa Tanzania majina mengi ya biashara huishia na .co.tz, na ya taasisi zisizofanya biashara huishia na .or.tz. Jina husajiliwa kupitia wasajili walioidhinishwa na hulipiwa kwa muda, kwa kawaida kila mwaka. Zaidi ya hapo, kuna malipo ya nafasi ambapo tovuti inahifadhiwa.

Fundi akisajili jina kwa jina lake mwenyewe, halafu akahama au mkakosana, kikundi kinaweza kuikosa anwani ambayo tayari imechapishwa kwenye lebo za chupa. Jina liandikishwe kwa kikundi, na barua pepe itakayotumika iwe ya kikundi. Maneno ya siri yakabidhiwe kwa viongozi wawili na kubadilishwa uongozi unapobadilika. Mweka hazina aandike tarehe ya kulipia tena, maana jina lisipolipiwa linaweza kuchukuliwa na mtu mwingine.

Nini kimo, na nini hakimo?

Kurasa ngapi? Wateja wataagiza na kulipa humohumo, au wataona namba na kupiga? Kupokea malipo kwenye tovuti ni kazi kubwa kuliko kuonyesha bei, na mkiitaja mwishoni gharama itapanda. Fundi atarekebisha mara ngapi bila malipo mapya? Akimaliza, atawasaidia kwa muda gani?

Malipo nayo yafuate hatua za kazi, kwa mfano sehemu mwanzoni, sehemu baada ya kuona mchoro wa kurasa, na sehemu ya mwisho baada ya kukabidhiwa tovuti na funguo zake.

Karatasi moja inatosha

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Majibu yote haya yanaenea kwenye karatasi moja au mbili: kazi ya tovuti, mlengwa wa kwanza, kurasa, lugha, mtoa maelezo, mwenye jina, bei, hatua za malipo na tarehe ya kukabidhi. Isomwe kikaoni, iingizwe kwenye muhtasari, na pande zote mbili zitie saini.

Nanyi vijana mnaotengeneza tovuti, msiione karatasi hii kama kutoaminiwa. Siku mjumbe atakapodai ukurasa ambao haukuwemo kwenye makubaliano, karatasi hiyo ndiyo itakayowatetea.