Thamani ya Bastola Iliyovunjika

Si muhali, katika nyumba kongwe za Mamba, katika milima ya Upare juu ya tambarare za Same, ambako leo watu huzungumza zaidi habari za tangawizi kuliko za vita, mrithi afunguaye sanduku la marehemu babu yake akakuta, chini ya hati za shamba, bastola yenye kutu, iliyokatika kamani na kupoteza parafujo mbili, akaanza kujiuliza yaweza kuleta fedha kiasi gani, na kama haiuziki nzima, je, vipande vyake?

Silaha za namna hiyo hazikuwa ngeni katika nchi ya Upare. Semboja, mtawala wa Mazinde, aliyeishika njia ya misafara katika bonde la Pangani, alijikusanyia bunduki kwa biashara ya pwani hata akatisha majirani, kabla ya mataifa ya Ulaya kukubaliana Brussels, mwaka 1890, kuzuia biashara hiyo. Kisha wakaja Wadachi na jeshi lao, na Mei 1916, majeshi ya Waingereza chini ya Jenerali Smuts yalipoteremka kuifuata reli ya Tanga na Wadachi wakirudi nyuma mbele yao, vita vilipita chini ya milima hii.

Basi, ikiwa bastola ile ni ya Kidachi ya mtindo wa 1879 au wa 1883, yenye silinda ya risasi sita za milimita 10.6, mjuzi hataanza kwa kuipima uzito, bali ataziangalia nambari: kwani mafundi wa zama hizo walipiga nambari katika sehemu nyingi za silaha, na pale ambapo mtutu, silinda na kiunzi vinaafikiana, thamani hupanda, hata kama nyundo haifanyi kazi. Alama ya kikosi nayo huongeza, hasa ya jeshi la makoloni. Wakusanyaji wa Ulaya na Marekani hununua nyundo, kamani na mbao za mpini ili kukamilisha bastola zao, na kwa hesabu ya fedha peke yake vipande vilivyotawanywa huenda vikazidi bei ya mzoga mzima. Mhunzi hodari, na Upare haikukosa wahunzi, kwa maana Washana wa Ugweno waliyeyusha chuma na kufua majembe na mikuki iliyouzwa hadi Uchagani, angeweza kuifulia kamani mpya. Lakini kamani hiyo, kwa jicho la mkusanyaji, ingepunguza thamani.

Hata hivyo hesabu hiyo ni ya nchi nyingine. Sheria yetu ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 haimruhusu mtu kukaa na silaha pasi na leseni, na Itifaki ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2001 huhesabu mtutu, kiunzi na silinda kuwa vipande vya silaha vinavyostahili kudhibitiwa, wala haikubali kuita ya kale silaha iliyotengenezwa baada ya mwaka 1899. Mrithi asijifanyie ukadhi mwenyewe kwamba kutu imeifuta silaha, wala asimpe dalali wa mjini silinda ndani ya gazeti. Asiisugue kwa msasa, asijaribu kuifyatua, wala asiibebe ndani ya basi. Aende kwanza kwa mwenyekiti wa kijiji au kituo cha polisi, aeleze alichokikuta na mahali kilipo, aelekezwe namna ya kukisalimisha.

Nami nachukia sana kuona bastola ile ikivunjwa. Mtu wa mbali akipata nyundo na mwingine mpini, hakuna atakayejua kwamba iliwahi kulala Mamba, kwa nani, na ilipatikanaje. Mrithi na aziandike nambari zote kwa kalamu kabla ya kuisalimisha, awaulize wazee wa ukoo walio hai bado iwapo babu alikuwa askari, mpagazi au mnunuzi tu, kisha karatasi hiyo aipeleke kwa watu wa Makumbusho ya Taifa, waombe wenyewe serikalini wapewe kitu hicho kikiwa kizima.