Sandwichi za Kuku wa Pilipili

Leo tuzungumzie sandwichi ndogo za kuku wa pilipili.

Nyama ya kuku hujenga mwili wa mtoto. Madhara hutokana na mafuta yaliyokaangiwa mara nyingi, na chumvi nyingi katika viungo vya pakiti.

Ukitengeneza nyumbani, usioshe kuku mbichi, kwani maji hurusha viini kwenye vyombo. Mchemshe kwa tangawizi na kitunguu saumu hadi nyama isiwe na wekundu ndani. Toa ngozi na mifupa, mtengee mtoto mdogo sehemu yake, kisha tia pilipili. Ongeza nyanya na karoti zilizooshwa kwa maji safi.

Jambo kubwa ni muda. Nyama iliyopikwa isikae nje ya friji zaidi ya muda wa saa mbili; joto la mchana likiwa kali, viini huzaliana upesi. Sandwichi iliyofungwa alfajiri si ya kuliwa shuleni saa saba mchana. Mpe mtoto aile ingali moto nyumbani. Shuleni abebe ndizi na mkate uliopakwa siagi ya njugu.

Akiharisha damu au akishindwa kunywa, mpeleke kituo cha afya mara moja.