Kasa Anakula Wapi?

Wavuvi wa pwani yetu hawahitaji kufundishwa kwamba ndege huonyesha samaki. Nahodha akiona kundi la membe na shakwe wakizunguka na kupiga mbizi mahali pamoja, hugeuza chombo kuelekea huko, maana anajua kuwa jodari wamewapandisha dagaa juu. Watafiti wa viumbe vya baharini nao wanafuata njia hiyo hiyo, ila wao huuliza zaidi: kiumbe huyu ametoka wapi, anakula wapi, na akitoka hapo anakwenda wapi?

Katika makala hii tunaeleza jinsi maswali hayo yanavyojibiwa. Tutakaa zaidi kwa kasa, kwa sababu habari zake zinagusa moja kwa moja vijiji vya pwani tunavyofanya navyo kazi. Lakini tuanze na ndege mmoja.

Katika mlango wa bahari kati ya Msumbiji na Madagaska kuna kisiwa kidogo kiitwacho Europa. Hapo huzaliana frigeti, ndege mkubwa mweusi mwenye mabawa marefu na mkia wa panda. Ndege huyu ana shida ya ajabu: chakula chake chote kiko baharini, lakini manyoya yake hayazuii maji. Hawezi kutua juu ya bahari na kupumzika kama bata. Watafiti kutoka Ufaransa waliwafunga frigeti wa Europa vifaa vidogo vya kurekodi safari, na matokeo yaliyotolewa mwaka 2016 yalionyesha kuwa wanaweza kukaa angani hadi karibu miezi miwili bila kutua, wakipanda na upepo ndani ya mawingu hadi mita 4,000 juu. Wakati wa kula hushuka na kunyakua ngisi na samaki wale wanaoruka juu ya maji, ambao hukimbizwa kutoka chini na jodari na pomboo. Kwa hiyo meli zikiwamaliza jodari, frigeti naye hukosa mlo, ingawa hakuna mtu aliyemgusa.

Kutoka kipande cha chuma hadi setilaiti

Ndege huonekana. Kasa hutumia karibu maisha yake yote chini ya maji, na jike hupanda ufukweni usiku kutaga, kisha hutoweka. Dume hapandi kabisa baada ya kuingia baharini akiwa mtoto, na ndiyo sababu hadi leo habari nyingi tulizo nazo ni za majike.

Kwa miaka mingi njia ya kuwajua ilikuwa kuwafunga kipande kidogo cha chuma kwenye kikono, chenye namba na anwani. Kasa akionekana tena mahali pengine, namba husomwa na taarifa hutumwa. Njia hii ni rahisi na bado inatumika, lakini ina udhaifu mkubwa. Kwanza, inaonyesha mwanzo na mwisho wa safari tu, wala haisemi kilichotokea katikati. Pili, inategemea mtu aliyemkuta kasa aseme. Kasa analindwa kisheria Tanzania na Kenya. Mvuvi ambaye kasa amefia katika jarife lake anafikiria faini na jela kabla ya kufikiria utafiti, na kipande cha chuma hutupwa baharini. Hatuwezi kumlaumu sana.

Siku hizi kuna kifaa cha setilaiti. Watafiti humsubiri jike amalize kutaga, humzuia kwa muda, husafisha gamba lake na kubandika kifaa kwa gundi kali, antena ikielekea juu. Mawimbi ya redio hayapenyi maji ya chumvi, kwa hiyo kifaa hutuma habari pale tu kasa anapoibuka kuvuta pumzi. Vifaa vya awali vilikuwa na makosa ya kilomita kadhaa. Vilivyo bora sasa hukosea kwa makumi ya mita tu, na vingine hupima pia kina ambacho kasa amezama. Baada ya miezi mingi betri huisha au gundi huachia, na kifaa hubanduka. Ubaya wake ni bei. Kifaa kimoja hugharimu maelfu ya dola, na ndiyo maana wanaofuatwa ni wachache.

Kasa wa Chagos

Mfano tunaoupenda unatoka Visiwa vya Chagos, katikati ya Bahari ya Hindi. Mwaka 2010 Uingereza ilitangaza maji ya visiwa hivyo kuwa hifadhi, mojawapo ya hifadhi kubwa kuliko zote duniani wakati huo. Mtu angedhani kwamba kasa anayetaga hapo amepata makao salama.

Mwaka 2012 watafiti wakiongozwa na Graeme Hays waliwafunga vifaa kasa 8 wa kijani waliokuwa wakitaga katika kisiwa cha Diego Garcia. Wengi wao waliondoka kabisa ndani ya hifadhi. Mmoja aliogelea kilomita 3,979 hadi pwani ya Somalia. Katika miaka iliyofuata walifuatwa wengine zaidi, na picha ikawa ile ile: wengi walielekea magharibi kwenye visiwa vidogo na miamba ya upande wetu wa bahari, wawili walikwenda Maldivi, na wachache walifika hadi bara la Afrika.

Kwa nini atage huko na kula huku? Kasa wa kijani akiwa mkubwa hula zaidi nyasi za bahari na mwani. Katika msimu wa kutaga hupanda ufukweni mara kadhaa, kila baada ya wiki mbili hivi, na kila mara huacha mayai mia moja hivi au zaidi. Muda huo wote hali kitu, au hula kidogo sana. Anaishi kwa mafuta aliyojiwekea. Akimaliza, anarudi kwenye malisho yake aliyoyazoea, hata kama njiani atapita penye nyasi nyingine. Huko hukaa miaka miwili, mitatu au zaidi, akijenga mwili, kabla ya kwenda kutaga tena.

Jambo lililotushangaza sisi ni kwamba hajui njia vizuri kama tulivyokuwa tukidhani. Utafiti wa mwaka 2020 kuhusu kasa hao wa Diego Garcia ulionyesha kuwa baadhi yao walipotea mamia ya kilomita nje ya njia kabla ya kujirekebisha katikati ya bahari kuu. Wengine walikifikia karibu kisiwa walichokitafuta, wakakikosa, wakazunguka kwa muda mrefu hadi kukipata. Inaonekana wana ramani kichwani, lakini ramani isiyo na alama nyingi.

Malisho ya kasa ni malisho ya tasi

Baadhi ya kasa wa Diego Garcia hawakwenda mbali. Walisafiri makumi ya kilomita tu na kutulia juu ya fungu kubwa la Chagos. Watafiti walizifuata alama za setilaiti na kuzama. Walikuta mashamba ya nyasi za bahari ambayo hayakujulikana. Katika sehemu tatu walizopima, zenye eneo la kilomita za mraba 128 na kina kufikia mita 29, karibu robo tatu ya sakafu ya bahari ilifunikwa na nyasi. Na ndani ya nyasi hizo, kamera zilionyesha makundi ya samaki. Aliyetajwa kwa wingi wake alikuwa tasi.

Habari hii tuliisoma mara mbili. Tasi ni samaki wa kila siku pwani yetu, anayenaswa kwa dema na kukaangwa jikoni tangu Lamu hadi Mtwara. Tumezoea kumzungumzia kasa kama mnyama wa wageni na wa serikali, na tasi kama chakula chetu. Kumbe wanaishi shamba moja.

Tukiri jambo. Kazi yetu wenyewe na vikundi vya vijiji ilianza kwa kulinda mayai: kuzunguka ufukweni usiku, kuweka alama kwenye viota, kuhamisha vile vinavyofikiwa na maji. Kazi hiyo ni ya lazima, na Juani katika Mafia, penye kasa wengi wa kijani wanaotaga, inaendelea kuleta matunda. Lakini saa ile ile tuliyokuwa tukihesabu mayai, juya lilikuwa likikokotwa juu ya nyasi mbele ya kijiji, likizing'oa na kubeba tasi wadogo wasiofika hata kidole. Kasa aliyetagia Komoro au Shelisheli anaweza kuwa ndiye anayelisha mbele ya nyumba zetu. Hakuna mlinzi wa viota wa huko anayeweza kumsaidia hapa.

Mataifa yameliona hilo. Makubaliano kuhusu kasa wa Bahari ya Hindi na Kusini Mashariki mwa Asia yalianza kazi mwaka 2001, na Kenya na Tanzania zimo, ingawa hayamfungi mtu kisheria. Tena ziko habari njema: Oktoba 2025 shirika la kimataifa la IUCN lilimwondoa kasa wa kijani katika kundi la walio hatarini, kwa kuwa idadi yake duniani imeongezeka. Hiyo ni hesabu ya dunia nzima. Ufukwe mmoja unaweza kupata na mwingine ukakosa.

Ukikuta kasa mwenye namba

Wavuvi wengi wametuuliza wafanye nini. Kasa akiwa hai, usimng'oe kipande cha chuma wala kifaa cha mgongoni. Kifaa hicho hakina kazi nyingine na hakiuziki. Soma namba na herufi zote, ukiangalia vikono vyote viwili na upande wa pili wa chuma. Andika tarehe, mahali na aina ya wavu, piga picha kama una simu, kisha mwachie aende. Akiwa amelegea kwa kukaa muda mrefu wavuni, mweke kivulini ndani ya chombo, sehemu ya nyuma ikiinuliwa kidogo ili maji yatoke, mfunike kwa kitambaa chenye unyevu na umsubiri apate nguvu kabla ya kumrudisha majini.

Akiwa amekufa, chukua namba pia. Peleka taarifa kwa afisa uvuvi au kwa kamati ya kijiji inayosimamia fukwe. Anayeogopa kwenda peke yake aende na mwenyekiti wa kamati, na wenzetu wanaofanya kazi katika kijiji chenu wako tayari kufuatana naye.