DHIS2: programu ya afya iliyogawanywa vyumba

Kila mwezi, vituo vya afya nchini DRC hupeleka ripoti kwenye zone ya afya: wagonjwa, watoto waliozaliwa, waliochanjwa. Hesabu hizo huingizwa katika DHIS2, programu iliyotoka Chuo Kikuu cha Oslo, Norwe.

Programu hiyo ni kubwa, ila haikufungwa kama gunia moja. Kiini hutunza hesabu. Sehemu zingine, kama vile ramani, grafu na kuingiza ripoti, zina kodi zao na huuliza kiini zinachohitaji. Ramani ikiharibika, mafundi hurekebisha ramani peke yake, na mfanyakazi wa zone huendelea kuandika visa vya surua. Lakini kiini kikianguka, sehemu zote hunyamaza. Ndiyo maana huguswa kwa uangalifu zaidi.