Maswali 10 kwa mama aliyejifungua

Katika miaka ya 1970, daktari Mwingereza wa magonjwa ya akili, John Cox, alikuwa akifanya kazi Kampala. Waganda walimweleza kuhusu amakiro, maradhi yanayompata mzazi baada ya kujifungua hadi atake kumdhuru mwanawe, na yanayosemekana kuletwa na zinaa wakati wa ujauzito. Daktari mwingine angeandika "ushirikina" na kufunga daftari. Cox aliona kwamba watu hawa walikwisha kujua jambo ambalo vitabu vyake vililigusa juujuu tu: kwamba uzazi unaweza kuitikisa akili. Mwaka 1979 alichapisha utafiti kuhusu wanawake 263 wa Uganda, na aliporudi Uskoti akawalinganisha akina mama wa pande hizo mbili. Sonona ya uzazi ilikuwapo kote.

Tatizo lilikuwa namna ya kuitambua. Madodoso ya sonona ya wakati huo yaliuliza kama mtu analala vizuri, anakula vizuri, ana nguvu. Muulize hayo mama wa kichanga! Anayeamshwa mara nne kwa usiku ataonekana mgonjwa hata akiwa mzima, na mgonjwa wa kweli ataambiwa ni uchovu wa ulezi. Ndiyo maana Cox, Jeni Holden na Ruth Sagovsky walipotoa kipimo cha Edinburgh mwaka 1987, waliacha sehemu kubwa ya dalili za mwili. Maswali ni 10 tu, kuhusu siku saba zilizopita: je, umeweza kucheka? Umejilaumu bila sababu? Hata usingizi ukiulizwa, swali ni kama huzuni ndiyo iliyokunyima. Kila jibu lina alama 0 hadi 3. Anayepata 13 au zaidi huenda ana sonona, ingawa kiwango hicho hubadilika kutoka jamii moja hadi nyingine, na alama peke yake haimfanyi mtu mgonjwa. Swali la 10 linahusu mawazo ya kujidhuru. Jibu lolote hapo lisilo "hapana kabisa" halingoji jumla ya alama.

Kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani, takribani asilimia 13 ya wanawake waliojifungua hupata matatizo ya akili, hasa sonona. Katika nchi zinazoendelea ni karibu asilimia 20. Wataalamu wa kuwahudumia wote watoke wapi?

Holden na wenzake walikwisha kulijaribu jibu mapema. Mwaka 1989 walieleza jinsi wauguzi wanaotembelea familia majumbani walivyofundishwa unasihi, kisha wakakaa na akina mama wenye sonona mara moja kwa wiki kwa wiki nane. Kati ya akina mama 26 walionasihiwa, 18 walipona. Katika kundi la akina mama 24 ambao hawakunasihiwa, walipona tisa. Ni utafiti mdogo, lakini Pakistan ilipata jambo kubwa zaidi. Huko Atif Rahman, naye daktari wa akili, aliwafundisha wanawake wahudumu wa afya vijijini mbinu za tiba ya kisaikolojia za kumsaidia mama kuyatambua mawazo yanayomvunja moyo na kuyabadili. Matokeo yalitoka mwaka 2008: mtoto alipofikisha miezi sita, asilimia 23 ya akina mama hao bado walikuwa na sonona, dhidi ya asilimia 53 kwa wengine.

Hao wengine nao walitembelewa, tena mara zilezile, ila na wahudumu wasiofundishwa mbinu hizo. Kwa hiyo kumpitia mzazi, kumpongeza na kunywa chai hakutoshi. Kusikiliza kunakotibu ni kazi ya kufunzwa, kama kumzalisha mama, na sioni kwa nini wahudumu wetu wa afya ngazi ya jamii wafundishwe kupima uzito wa mtoto bila kufundishwa hili.

Si kila chozi ni sonona. Kulia ovyo siku za mwanzo ni kawaida kwa wazazi wengi, na hupita kwenyewe ndani ya wiki mbili. Huzuni ikivuka hapo, mama aende kituo cha afya. Lakini akianza kusikia sauti, kukesha bila kuhisi usingizi au kusema mambo yasiyoeleweka, hali inayowapata mmoja au wawili kati ya 1,000, hasa katika wiki mbili za kwanza, apelekwe hospitali siku hiyohiyo, na mtoto asiachwe naye peke yake.