Ukiripoti hitilafu, ambatisha testi

Umepata hitilafu kwenye programu huria unayotumia. Unaandika, "Hii kitu haifanyi kazi," kisha unangoja. Wiki inapita, mwezi unapita, kimya. Usidhani umedharauliwa. Wengi wanaotunza programu hizi wanajitolea tu. Hawana muda wa kubahatisha kilichotokea kwa kompyuta yako.

Dawa ni testi: mistari michache ya msimbo inayojaribu sehemu moja tu ya programu na kutaja jibu linalotarajiwa. Tuseme programu ya kukagua nambari za simu inakubali inayoanza na +254, lakini ikiona 07 inakataa. Andika testi inayoipa nambari ya 07 na kutarajia ikubaliwe. Leo itafeli, na huo ndio ushahidi wako. Hitilafu ikirekebishwa, itapita.

Faida haiishii hapo. Mtu akiharibu sehemu ile tena mwaka ujao, testi hiyo itafeli papo hapo. Watengenezaji wa SQLite, hifadhidata iliyo ndani ya simu za Android, hawahesabu hitilafu kuwa imetatuliwa hadi testi yake iongezwe.

Na wewe unapata nini? Testi yako ikiingizwa mradini, jina lako hubaki kwenye historia yake, na mwajiri anaweza kuisoma kazi yako mstari kwa mstari. Kama unasaka kazi, hicho ni kitu cha kuonyesha.

Kwa hivyo kabla hujabonyeza kutuma, jiulize: mtu mwingine ataiona shida hii bila kuniuliza swali hata moja? Kama bado, ongeza testi.