Unatoka Jumuiya Gani? Kuwatunza wanaovutiwa na jinsia yao katika kambi za machimbo



Mtu akifika ofisi ya parokia kuomba ubatizo wa mtoto, ndoa au misa ya mazishi, mara nyingi swali la kwanza si jina lake. Ni hili: unatoka jumuiya gani? Kisha: mwenyekiti anakufahamu? Zaka umetoa? Kijijini maswali haya hayana shida, kwa sababu kila mtu ana nyumba, ana jirani, na ana watu waliomwona akikua. Kwenye kambi ya wachimbaji maswali hayohayo yanaweza kumfungia mtu mlango. Tunataka kulieleza jambo hilo kwa kuangalia kundi ambalo kanisani hatulitaji isipokuwa kwa kulikemea: wanaume na wanawake wanaovutiwa na watu wa jinsia yao.

Tuanze na mahali. Mhunze ni makao makuu ya Wilaya ya Kishapu, nchi ya pamba, mtama, ng'ombe na almasi. Mgodi wa Mwadui, ulioanzishwa na Mkanada John Williamson mwaka 1940, uko katika wilaya hii, na Maganzo ni mji uliokua karibu yake. Ukielekea magharibi unaingia ukanda wa dhahabu: Kahama, Bulyanhulu, Nyarugusu, hadi Geita, ambako mgodi mkubwa ulianza uzalishaji mwaka 2000. Lakini nje ya migodi yenye uzio na geti yako maduara ya wachimbaji wadogo. Ikitokea rashi, yaani habari kwamba mali imeonekana mahali fulani, maturubai hujaa porini kwa siku chache, na mama lishe, karasha, baa na gesti hufuata. Mali ikikata, watu wanahama.

Katika maisha hayo watu hujuana kwa majina ya utani. Unaweza kufanya kazi na mtu miezi minane, mkagawana viroba vya mawe, usijue ukoo wake. Kwa vijana wengi huo ni upweke. Kwa kijana ambaye nyumbani ameanza kunyooshewa vidole, ni nafasi ya kupumua. Wenzake wa duara wanamwuliza kama anaweza kupiga nyundo, basi. Mwaka 2015 huko Nyangalata, Kahama, wachimbaji watano walitolewa hai baada ya siku 41 chini ya kifusi. Walioishi hivyo gizani hawakuishi kwa kuulizana maisha ya kila mmoja. Mwenye duara na wenzake wanaogawana hatari ndio ndugu wa kwanza wa mchimbaji, na tusipoelewa hilo tutadhani kambi ni mahali pa dhambi tu.

Neno nalo linahitaji uangalifu. "Shoga" kwa wanawake wa pwani ni rafiki wa kike, neno la mapenzi mema kabisa. Kwetu huku bara limekuwa jiwe la kumrushia mtu. Mtu akishaitwa hivyo kambini, hata kwa utani, anaweza kulala usiku mmoja na kuamka hana kazi. Ndiyo maana wanaojikuta katika hali hii wanaishi kwa watu wawili watatu wanaoaminiana: wa kumsindikiza mwenzao akiumwa, wa kumwazima nauli, wa kupiga simu nyumbani. Utunzaji huo upo. Haufanywi na sisi.

Wapo wanaosema mambo haya yameletwa juzi na intaneti. Historia ya migodi haisemi hivyo. Mwaka 1907 serikali ya kikoloni kule Transvaal, Afrika Kusini, ilifanya uchunguzi ulioongozwa na Henry Taberer kuhusu mahusiano ya wanaume katika makambi ya wachimba dhahabu, wengi wao wakiwa vijana kutoka Msumbiji. Miaka hiyo hakukuwa na simu ya mkononi wala sinema za Marekani. Hatusemi hili ili kuhalalisha jambo. Tunasema ili tusijenge uchungaji juu ya maelezo yasiyo ya kweli.

Hatari kubwa zaidi iko kwenye afya. Wachimbaji kwa ujumla huhesabiwa miongoni mwa makundi yaliyo katika hatari ya VVU kwa sababu ya kuhamahama, na vumbi la mawe linawaweka karibu na kifua kikuu. Anayevutiwa na jinsia yake ana mzigo wa ziada. Kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu kinaadhibu tendo hilo kwa kifungo cha maisha, na si chini ya miaka 30. Sheria inaadhibu tendo, lakini mgonjwa aliyeketi kwenye benchi la kliniki hapimi maneno hivyo. Anaona kwamba akimjibu muuguzi ukweli anajishtaki. Mwaka 2017 serikali ilifunga vituo vipatavyo 40 vilivyotoa huduma za VVU kwa makundi haya, na mwanzoni mwa 2025 Marekani ikasimamisha misaada iliyokuwa ikigharamia sehemu kubwa ya huduma hizo. Kwa hiyo anayekohoa kwenye turubai ana njia chache kuliko mwenzake wa miaka kumi iliyopita, na mara nyingi hangojei dawa. Anangoja azidiwe ndipo arudishwe kwao.

Sasa Kanisa linasema nini? Tuseme lote, si nusu. Katekisimu inafundisha kwamba matendo ya jinsia moja hayawezi kukubaliwa, na inawaita wenye mwelekeo huo kwenye usafi wa moyo, kama inavyotuita sote. Katika namba 2358 inadai pia wapokewe kwa heshima, huruma na upole, na kila dalili ya ubaguzi usio wa haki iepukwe. Barua ya Vatikano ya Oktoba 1986 ililaani ukatili wa maneno na wa matendo dhidi yao. Januari 2023 Papa Fransisko alisema kuwa hivyo si jinai, na akawataka maaskofu wa nchi zenye sheria hizo waongoke katika jambo hili. Ilipotoka Fiducia Supplicans, Desemba 2023, maaskofu wa Afrika kupitia SECAM walijibu, tarehe 11 Januari 2024, kwamba baraka kwa wapenzi wa jinsia moja hazitatolewa barani kwetu. Jibu hilo lilishangiliwa sana. Wachache tunakumbuka kwamba barua hiyohiyo ilisisitiza hadhi ya watu hawa na kuwahimiza wachungaji wawe karibu nao.

Sisi wanafunzi wa falsafa tunapenda kutofautisha, na hapa kutofautisha kuna kazi. Mtakatifu Thoma wa Akwino anauliza katika Summa, sehemu ya pili ya pili, swali la 60, kama jambo lenye mashaka lifasiriwe upande mzuri. Anajibu ndiyo, na anaongeza kwamba ni afadhali kukosea mara nyingi kwa kumdhania mema mtu mbaya kuliko kukosea mara chache kwa kumdhania mabaya mtu mwema. Usukumani tunalijua jambo hili kwa damu. Bibi zetu waliuawa kwa sababu ya macho mekundu, macho yaliyoungua kwa moshi wa kuni na samadi jikoni. Aliyenong'ona wa kwanza hakushika panga. Tunaposikia leo kwamba fulani "si mwanaume kamili", tujiulize tumeona nini, na tumeambiwa na nani.

Turudi kwenye jumuiya. Padre akisikia jambo katika kitubio, kanuni ya 983 inamfunga kabisa. Mwenyekiti wa jumuiya hana siri ya kitubio, wala katekista, wala frateri. Tuna ulimi tu na dhamiri. Kwa hiyo anayetaka kumtembelea mgonjwa kambini aanze kwa kutouliza: apeleke uji, amsindikize kliniki, amngoje nje ya mlango wa daktari, na akirudi jumuiyani aseme mgonjwa anaendelea vizuri au vibaya. Hilo linatosha kuombewa. Anayetaka kusema zaidi atasema mwenyewe, siku yake, na akitaka padre aletewe padre.

Na msiba. Tumewahi kusikia ikisemwa kwamba marehemu fulani asisomewe misa "kwa mambo yake". Kanuni ya 1184 inazungumzia wadhambi wa wazi ambao mazishi yao yangewakwaza waamini, tena kama hawakuonyesha dalili yoyote ya toba kabla ya kufa. Ikiwepo shaka, inaagiza aulizwe askofu, si kikao cha jumuiya. Uvumi wa kambi si uwazi. Na kutokuwa na kadi ya jumuiya, kwa mtu aliyehama maduara manne kwa mwaka, si dhambi hata kidogo. Katika parokia zenye machimbo ingewezekana kumteua mtu mmoja kwa kila kambi, mama lishe kwa mfano, maana yeye ndiye anayejua nani hajaja kula tangu juzi. Jina lake liandikwe kwenye daftari la parokia, na mtu wa kambini akiulizwa anatoka jumuiya gani, alitaje jina hilo.